Kiduha cha Ploti Tupu

Jumanne, 3 Aprili 2001

Bwana Matonya, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa kilimo, kaniita ofisini asubuhi. Nimeingia nikijua nimekosa kitu. Kumbe hapana. Ripoti ya jaribio letu la kijiji cha Busi, Kondoa, itatoka na jina langu mbele, lake nyuma. Zipora Ndahani! Miaka miwili nimekuwa mtu wa kubeba kamba na vigingi, leo nina ripoti. Ataisoma mwenyewe kwenye mkutano wa kanda, Mei kumi na tano. Mwisho wa mwezi huohuo ndipo itaamuliwa kama ninathibitishwa kazini au narudi kwa baba Buigiri. Hakusema mambo hayo mawili yanahusiana. Hakuhitaji kusema.

Tatizo ni ripoti yenyewe. Siipendi. Tulitaka kujua kama samadi ya zizini inapunguza kiduha, lile gugu la maua mekundu linalonyonya mizizi ya mtama. Ploti kumi zimetiwa samadi, kumi hazikutiwa kitu. Hizi za pili naziita ploti tupu. Kiduha chake haking'olewi, kinaachwa kiote nikihesabu. Nimehesabu misimu miwili. Kwenye samadi kiduha ni kichache. Kwenye ploti tupu ni kichache vilevile. Basi samadi haisaidii. Ndivyo tutakavyoandika, na kipeperushi kitachapwa kuwaambia akina mama waache kujichosha kubeba samadi kichwani.

Lakini mtama wa ploti tupu ni mfupi, majani ya njano. Kuna kitu kimeunyonya. Kitu gani, kama kiduha hakipo?

Nilimwuliza Bwana Matonya. Kasema ni jua. Nyuma ya kichwa chake kuna kipeperushi chake cha kwanza, cha mwaka 1984, amekitia fremu na kioo. Mtu mwenye fremu humwulizi mara mbili. Jua limechagua ploti kumi tu? Sikusema hivyo. Nilisema, "Ndiyo, Bwana Mkuu."

Alhamisi, 5 Aprili

Baada ya kazi nimekwenda Dodoma mjini kwa Abdulnasiri. Babu yake aliuza vitambaa dukani hapo, baba yake akauza vitambaa, yeye ameweka kompyuta tatu mbele na vitenge vimesogea nyuma. Kompyuta tatu, laini moja ya simu. Ukiingia lazima upige foleni na kusikia habari za ukoo wake wote.

Nimefanya kitu leo. Nimeandika kwa kundi.

Yudith, niliyesoma naye Morogoro, ndiye aliyenipa anwani ya kundi hili la barua pepe mwaka jana. Ni watu kama mia mbili — Sudani, Ethiopia, India, Nijeria, Burkina Faso. Wote wachanga kazini, wote watafiti wa mazao ya maeneo yenye ukame. Ukituma barua moja wanaipata wote. Hakuna anayejiita daktari. Na kila Ijumaa mmoja anasimulia kosa lake, ndiyo desturi yao. Kuna kaka wa Kano alipima mvua mwaka mzima na kipimo kikiwa chini ya ukingo wa paa. Mwaka mzima akashangaa Kano inavyonyeshewa! Nilicheka hadi Abdulnasiri akaja kusoma begani kwangu.

Mwaka mzima nasoma, nimenyamaza, kama mtu aliyesimama mlangoni kwenye harusi asiyealikwa. Leo nimeuliza. Mtama mfupi, majani ya njano, kiduha hakuna, kwa nini?

Shuleni walitufundisha kuuliza si ujinga. Hapa kituoni tuko watano, na ukiuliza wanaona ama hujui ama unamdharau aliyekujibu mara ya kwanza.

Jumatatu, 9 Aprili

Laini imekufa tangu Ijumaa. Abdulnasiri anasema labda kesho. Nimerudi nyumbani Nkuhungu kwa miguu nikijilaumu. Watu mia mbili sasa wanajua Zipora hajui.

Jumamosi, 14 Aprili

Majibu manne!

Wawili wanasema nipime udongo. Nilishapima. Dada mmoja wa India anauliza kama ni ugonjwa wa majani, anataka picha. Kamera ya kituo iko kabatini kwa Bwana Matonya na ufunguo uko mfukoni kwa Bwana Matonya.

Wa nne ni Awa, wa Burkina Faso. Kiingereza chake kina mawe kama changu. Hakunishauri chochote. Kauliza maswali mawili tu. Nani mwingine anaingia kwenye ploti zako? Na huwa wanajua lini kwamba unakuja?

Nikacheka kwanza. Halafu kicheko kikakata.

Kila ninapokwenda kuhesabu natuma barua kwa mtendaji wa kijiji wiki moja mbele, nampa kondakta wa basi. Siku zote. Huwezi kuwavamia watu kijijini kwao. Baba angesikia ninafanya hivyo angeniuliza nimelelewa wapi.

Abdulnasiri kaniuliza kama kuna msiba. Nimemwambia bado sijui.

Jumapili, 15 Aprili

Pasaka, Buigiri. Kanisani, kisha kuku. Baba kauliza habari za kundi. Hakuelewa. Watu hujawaona hata uso, unawapelekea siri za kazi yako? Nikamwambia ndiyo sababu yenyewe, kwa kuwa sijawaona uso. Akafikiri, akasema basi ni kama sala. Nikasema tofauti ni kwamba hawa wanajibu kwa Kiingereza. Alicheka mpaka mama akatukemea wote wawili.

Sikumwambia kuhusu kuthibitishwa. Amekwishawatangazia majirani kwamba mimi ni mtu wa serikali.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimezunguka swali la Awa wiki nzima. Ripoti imekwishachapwa, Dorkasi wa masijala kaipiga vizuri, kurasa ishirini na moja. Ningeweza kunyamaza tu. Hakuna atakayejua. Awa yuko Burkina Faso, hatakuja Dodoma kuniuliza.

Alhamisi ijayo ni Sikukuu ya Muungano. Nimeomba ruhusa ya Ijumaa, nimesema mambo ya nyumbani. Nakwenda Busi. Sitatuma barua.

Alhamisi, 26 Aprili — Kondoa

Vumbi mpaka ndani ya masikio. Basi lilikufa mara mbili. Nimelala gesti, chandarua kina tundu la kupita njiwa. Najisikia kama mwizi. Ningekuwa na adabu ningekuwa nimetuma salamu.

Ijumaa, 27 Aprili — Busi

Nimefika saa nne asubuhi. Sikupitia kwa mtendaji. Nimekwenda moja kwa moja kwenye ploti, nyuma ya nyumba ya Bi Rukaya, mwenyeji wangu, yule aliyetupa shamba.

Ploti za samadi: mtama mzuri, kiduha hapa kimoja, pale kimoja.

Ploti tupu: nyekundu. Zimejaa! Nimehesabu ya kwanza, sitini na tatu. Ya pili nimeacha njiani kwa sababu macho yalikuwa yanalia na nikapoteza hesabu. Mwisho wa Machi, siku ya ugeni wangu rasmi na barua yangu na mtendaji wangu pembeni, palepale nilihesabu vinne.

Bi Rukaya akanikuta nimechutama. Nikainuka. "Shikamoo mama." "Marahaba." Halafu hakusema karibu. Mara ya kwanza hakusema karibu. Kauliza ni mgeni gani anayeingia bila hodi, kwani wamenikosea nini? Akaangalia lile shamba jekundu, akajifunika uso na ncha ya kanga. Aliona aibu. Yeye!

Tumekaa barazani. Mwanamvua, jirani yake, kaja naye, na chai ikaja. Nikauliza polepole. Wakaongea Kirangi kwanza wao kwa wao, ndipo Bi Rukaya akaniambia.

Ninaandika maneno yake nilivyoyasikia, nisije nikayasahau. "Mwanangu, mara ya kwanza ulipokuja ulihesabu magugu mbele ya mtendaji, ukaandika kwenye daftari, ukakunja uso. Tukasema huyu binti wamempa shamba lenye kiduha ili ashindwe. Watamfukuza. Ni mgeni wetu, shamba lake likiwa chafu aibu ni yetu. Basi barua yako ikifika, tunaingia wanawake sita, tunang'oa. Vichache tunaacha, ili wasijue."

Nikauliza na kwenye samadi je? Mwanamvua akacheka. "Kwenye samadi kuna nini cha kung'oa?"

Basi. Jibu la misimu miwili, limetolewa na mtu anayekoroga chai. Na mtama wa ploti tupu ni mfupi kwa kuwa kiduha kimekwishaunyonya mizizini kabla hawajaking'oa. Samadi inasaidia. Wao wanajua miaka yote, ndiyo sababu wanaibeba kichwani. Sisi ndio tunakwenda kuwachapia karatasi ya kuwakataza.

Wamenionyesha nyuma ya zizi rundo la kiduha walichong'oa. Kimekauka, kinafika gotini.

Sikuweza kukasirika. Nilijaribu. Wanawake sita, msimu wa palizi, mashamba yao wenyewe yanawangoja, wanainama kwenye shamba langu ili mimi nisifukuzwe. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kulia, nikanywa chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone — na wenyeji wangu ndio walioumwa migongo. Bi Rukaya akauliza kama wameharibu. Nikasema hapana mama, nimeharibu mimi, sikuwaeleza ninahesabu kwa ajili ya nini.

Ni kweli lakini. Misimu miwili nimewaambia "msing'oe". Sikuwahi kuwaambia kwa nini. Nilidhani amri inatosha kwa kuwa mimi mwenyewe ndivyo ninavyoambiwa kazini.

Jumamosi, 28 Aprili

Nimerudi. Nimeoga mara mbili. Ripoti iko mezani, nzuri, imebanwa pini. Zipora Ndahani mbele.

Ijumaa, 4 Mei

Ijumaa ya makosa. Nimekaa kwa Abdulnasiri saa nzima, vidole haviendi. Nimeogopa kitu kimoja — mtu akimwambia mtu, akamwambia mtu wa wizarani. Halafu nikakumbuka yule kaka wa Kano na mvua yake.

Nimeandika yote. Barua kwa kondakta. Wanawake sita. Rundo. Kijiji sikukitaja, wala Bi Rukaya. Mwisho nimeuliza: nina siku kumi na moja kabla ya mkutano, na mkuu wangu ana furaha na ripoti. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Nikabonyeza. Abdulnasiri, ambaye alisoma yote kutoka nyuma na hajifichi, kasema, "Dada, hawa wanawake wa Busi wangekuwa jamaa zangu ningejivuna." Kisha akakataa kunitoza. Hajawahi kukataa pesa. Nikaogopa zaidi.

Jumatatu, 7 Mei

Kumi na moja wamejibu.

Sikutegemea. Nilitegemea pole. Wamenipa makosa yao. Mmoja wa Sudani, wenyeji wake walimwagilia ploti zilizokuwa za kukaa kavu, ili mimea ya mgeni isife kwa kiu mbele yao. Mwethiopia mmoja, mzee wa kijiji alihamisha vigingi vyake ili ploti zake zipate udongo mzuri. Dada wa India, jirani aliongeza gunia lake moja kwenye mavuno ya jaribio, asionekane mnyimi. Awa naye: ni yaleyale ya kwangu, kiduha hichohicho, misimu mitatu! Hakumwambia mtu yeyote. Ripoti ilitoka. Anasema kila mwaka anaona kipeperushi chake kwenye ukuta wa ofisi ya wilaya na anageuza uso. Ndiyo maana alijua cha kuniuliza.

Wamenishauri pia. Nisifute hesabu, niandike jinsi zilivyopatikana. Nieleze rundo. Niombe msimu mmoja zaidi, na safari hii wanawake wale wahesabu wenyewe, wasing'oe. Kaka wa Kano kaniandikia hata aya ya kuanzia. Kiingereza kizuri, nimeiba maneno mawili.

Nimesoma mpaka mwisho, halafu nikaanza tena. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nimejisikia nina wenzangu kazini. Wako mbali mno kunisindikiza kwa Bwana Matonya, lakini wenzangu ni hao. Abdulnasiri kachapa karatasi zote kumi na moja.

Jumanne, 8 Mei

Nimemwambia.

Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza akasema, "Misimu miwili, Zipora." Basi. Kisha akauliza kosa la nani. Nikasema langu, nilituma taarifa, sikueleza jaribio. Akauliza ni nani hasa aliyeng'oa. Nikasema sitataja majina, Bwana Mkuu, nisamehe.

Nikaweka majibu kumi na moja juu ya ripoti. Hapo ndipo alipobadilika. Akapindua karatasi mbili tatu. "Umewaambia watu wa nje kabla ya kuniambia mimi?"

Jibu nilikuwa nalo — nilikuuliza ukasema jua — lakini ningelitoa ningekuwa nimemaliza kazi siku hiyohiyo. Na yeye pia ana haki. Ningekuwa yeye ningeumia. Nikasema, "Niliogopa." Kasema acha hizo karatasi hapa, nenda.

Alhamisi, 10 Mei

Hajaniita. Dorkasi anasema jana mkuu hakula, leo hakula. Alimwitia chai ikapoa. Na ile fremu ya ukutani haipo. Pamebaki alama nyeupe, ukuta wote mwingine umepata rangi ya moshi. Dorkasi anafikiri anahamishwa. Mimi nafikiri anapanga ofisi kabla ya kuandika barua yangu ya kuachishwa kazi. Nimeanza kukusanya vitu vyangu vidogo vidogo kwenye droo, rula, kikombe.

Jumamosi, 12 Mei

Sikwenda kwa Abdulnasiri. Nimefua. Wale wa kundi wanauliza nimefikia wapi, najua.

Jumatatu, 14 Mei

Mkutano ni kesho saa tatu. Asubuhi yote hakuniita. Saa tisa nimeondoka, nikaenda kwa Abdulnasiri kuwaandikia wenzangu kwamba nadhani imekwisha na nawashukuru. Laini haipo. Nikakaa kungoja.

Saa kumi na moja kasoro Bwana Matonya akaingia.

Nilisimama haraka nikagonga goti kwenye meza. Abdulnasiri akamwamkia, akampa kiti, akapangusa kiti ambacho hakina vumbi. Bwana Matonya akavua kofia. Ana faili la bluu, ripoti yangu imo, na karatasi zangu kumi na moja, na ile fremu. Ameibeba mpaka hapa mkononi, mtaani.

Kasema Dorkasi ndiye aliyemwelekeza. Nikafikiri ananipa barua hapa ili nisilie ofisini.

Akaniwekea fremu mapajani. Kinga ya Kiduha, 1984. N. Matonya. Nimeipita kila siku miaka miwili, sijawahi kuisoma. Inasema kupanda mapema hakupunguzi kiduha, mkulima asijisumbue.

"Ploti zangu tupu zilikuwa safi sana," kasema. Kwa sauti ndogo, si ile ya ofisini. "Kijiji kimoja cha Kongwa. Nilikuwa nalala kwa mwenyekiti. Nilituma taarifa kila safari. Walinichinjia mbuzi, Zipora. Sikumwuliza mtu. Ningemwuliza nani? Nilikuwa peke yangu."

Nikasema pole, Bwana Mkuu. Akaitikia kwa kichwa. Nilimwonea huruma. Miaka kumi na saba, ukutani, nyuma ya kichwa chake.

Sikuthubutu kumwuliza kuhusu kesho. Kasema mwenyewe, hajaamua. Kurasa ishirini na moja zikisomwa zilivyo, mkutano utakwenda vizuri. Zikisomwa na rundo la kiduha ndani yake, wataanza kuuliza na mengine, na ya zamani. Amezibeba zote mbili, kasema, ripoti na karatasi za wale vijana, na tangu Jumanne anasoma hizi za vijana kuliko ile.

Kisha akauliza kama mtu wa umri wake anaruhusiwa kuandika huko. Nikasema hawaulizi umri. Akauliza wanaamkiana vipi. Nikasema hawaamkiani, wanaandika jina tu, la kwanza. Lilimwingia vibaya hilo, nikaona. Akauliza je, wanacheka?

Nikasema wanacheka, Bwana Mkuu. Halafu wanakuambia ya kwao.

Amekaa hapa pembeni yangu sasa, amevaa miwani, anasubiri laini. Mimi naandika hapa ili nisimwangalie. Faili liko magotini pake, jina langu bado liko mbele. Abdulnasiri anajifanya anakunja vitenge.

Laini imeingia. Nilivuta kiti nimwandikie, akanisogeza kwa mkono, kasema ataandika mwenyewe. Hajawahi kushika kompyuta, Dorkasi ndiye humpigia kila kitu. Ameinua kidole kimoja. Anatafuta herufi N.